Mpaka Rangi Ikauke

Wiki zangu za mwisho kazini niliulizwa swali moja mpaka likanitoka puani. "Sista, ukistaafu utakaa na nani?" Awe daktari, awe mfagiaji, awe mgonjwa mwenye dripu mkononi, swali ni hilohilo na sauti ni ileile ya kunionea huruma, kana kwamba nina ugonjwa. Nilikuwa na miaka sitini kasoro siku ishirini. Sina mume, sikujaliwa mtoto, na nina nyumba ya vyumba viwili na sebule niliyoijenga tofali kwa tofali kwa mshahara wa uuguzi. Nikawa nawajibu, "Nitakaa na makalio yangu." Wanacheka, wanakwenda zao, mimi nabaki na swali.

Maana nilikuwa naogopa. Niseme tu, ya nini nifiche? Miaka thelathini na moja kwenye wodi ya wanawake nimewapokea wengi walioishi peke yao. Kaanguka bafuni juzi, kaokotwa leo, tena kaokotwa kwa sababu jirani aliona taa inawaka mchana. Kila nikimbadilishia mmoja shuka, nilikuwa naliona bafu langu lenye vigae vinavyoteleza.

Jirani yangu Mshonaji, ambaye naye hakuolewa na tulikuwa rika moja, ndiye aliyenipa wazo la kwanza. Alikuja kunipunguzia sare kiunoni, pini ziko mdomoni, akasema, "Wewe una chumba kitupu, mimi nimepanga. Nihamie kwako na cherehani yangu. Ukianguka nitasikia kishindo. Nikianguka mimi, utasikia wewe." Nikamwambia kwa unene wake mtaa mzima utasikia. Tulicheka hadi pini zikamwagika, na usiku ule nililala vizuri.

Nilikuwa nimeshakubali moyoni. Ndipo akaja Mpole.

Mpole ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nilimchukua akiwa darasa la nne, nikamlea, nikamsomesha, nikamnunulia suti ya harusi. Jina la Mpole nilimpa mimi, kwa sababu tangu utotoni hajawahi kupandisha sauti. Hata akivunja kikombe alikuwa anakuja na vipande mkononi, anasema taratibu, "Shangazi, kikombe kimevunjika." Siyo kwamba yeye amekivunja. Kimevunjika chenyewe. Mimi nilikuwa naona ni adabu.

Alikuja na mkewe, wakakaa sebuleni kwangu, akanishika mikono yote miwili. "Shangazi, ulinilea, sasa zamu yangu. Njoo ukae na sisi. Ile nyumba niliyokuwa nimepanga sasa nimeshainunua, ina chumba chako. Hii ya hapa niandikie mimi niisimamie, wapangaji wasikutie presha uzeeni." Mkewe alikuwa anaangalia zulia. Mimi nilikuwa nalia. Mtu ukiulizwa utakaa na nani kila siku, halafu aje mwenye jibu, na jibu lenyewe likuite shangazi, utafanya nini?

Mshonaji alipopata habari alisimama mlangoni mwangu na utepe wake wa kupimia shingoni. "Chumba chenyewe umekiona?"

"Wanakarabati. Nitakiona."

"Mwaka na nusu yuko kule hajakukaribisha hata maji. Kakione kwanza, ndiyo usaini."

Nami nina mdomo, wala sijivunii. Nikampa vidonge vyake. Nikamwambia ana kijicho, kwa sababu yeye duniani hana hata wa kumwita shangazi. Alikunja utepe wake polepole, akauzungusha kwenye vidole viwili kama afanyavyo akimaliza kazi, akaondoka. Wiki iliyofuata akahamia kwa dada yake, mji mwingine, safari ya siku nzima. Nililiona gari linapakia cherehani. Nilisimama nyuma ya pazia mpaka likaondoka.

Sasa niwaeleze habari za Bibi Kona, maana bila yeye hamtanielewa.

Kwenye wodi yetu kuna daftari kubwa lenye jalada gumu. Kila anayelazwa anaandikwa: jina, umri, ugonjwa, kitanda, na mwisho kabisa "ndugu wa karibu" na simu yake. Sheria ya wodi niliitunga mimi, nikaibandika ukutani: hakuna kitanda bila ndugu. Unajua kwa nini? Kwa sababu kuna watu wanaleta wazee wao hospitali kama wanavyotupa takataka, wanaandikisha simu ya uongo, hao wametoweka. Mgonjwa akipona hana wa kumchukua. Kwa hiyo mimi nilikuwa napiga ile simu palepale, mbele yao. Isipoita, hulazi mtu.

Miezi minane kabla sijastaafu Mpole alinipigia. "Shangazi, kuna mama wa rafiki yangu kazini. Ana presha, na nyumbani wanapaka rangi, harufu inamzidi. Mtafutie kitanda siku mbili tatu tu, mpaka rangi ikauke." Wodi ilikuwa imejaa. Lakini nani hapendi kuonekana ana sauti mahali pake? Nikamhamisha huyu, nikamsogeza yule, nikapata kitanda namba kumi na nne, cha kona. Bibi mwenyewe aliletwa na gari la kukodi, peke yake, na begi dogo la bluu. Mfupi, mkavu, mdomo umeshaanza kupinda upande mmoja, maneno hayaeleweki. Nafasi ya ndugu wa karibu ikawa tupu. Foleni ndefu, daktari ananiita, nikaandika jina langu mimi na simu yangu mimi, mambo yaende haraka. Siku ya pili kiharusi kikamaliza kazi. Kikambakishia maneno mawili tu.

"Rangi imekauka?"

Kila asubuhi. Anaamka, anakunja shuka zake, anaburuta mguu kwenda msalani huku mkono wa kushoto ukitambaa ukutani, anarudi, analiweka begi lake la bluu kwenye kitanda cha pili yake, namba kumi na tano, kikiwa kitupu, halafu anakaa kama mtu anayengoja gari. Ukipita tu: "Rangi imekauka?" Tukamwita Bibi Kona. Ule usemi wake ukawa wa wodi nzima. Mshahara ukichelewa, tunasema rangi haijakauka. Daktari asipotokea, rangi haijakauka. Na mimi nilikuwa nacheka. Mungu anisamehe, mimi ndiye niliyekuwa nacheka kuliko wote.

Mfagiaji alikuwa halali kwa ajili ya ule mkono. Kila wiki anasugua mstari mweusi ukutani, kutoka kona mpaka msalani, na kila wiki mstari unarudi palepale, chini kidogo ya kiuno changu. Mafuta ya kiganja hayatoki kwa sabuni. Ukipaka rangi juu yake, yanajitokeza tena.

Nilimuuliza Mpole mara mbili. Mara ya kwanza alisema rafiki yake amehamishwa kikazi. Mara ya pili alisema simu yake haipatikani. Sikuuliza ya tatu. Ningeuliza kwa nani, na daftari lina jina langu? Nilikuwa nimebakiza miezi michache, sikutaka kuitwa ofisini nikaeleze kwa nini sista aliyetunga sheria ndiye aliyeivunja. Nikajiambia nitalimaliza kabla sijaondoka. Siku zikapita.

Aliyekuwa anachukua nafasi yangu tulimwita Naibu. Msichana wangu huyo, nimemfundisha mimi tangu alipokuja hajui kufunga bandeji. Nilimfundisha hasa namna ya kumshika mgonjwa aliyechanganyikiwa. "Usibishane naye," nilimwambia. "Akisema ameibiwa, sema pole. Akisema anataka kwenda kwake, sema sawa, tutakwenda. Mshike chini ya kiwiko, usimkamate. Mkalishe, mpime presha, mpe maji. Ukibishana naye umeshindwa." Alishika vizuri kuliko wote. Nilijivunia.

Nilistaafu Jumatano, nikasaini Alhamisi asubuhi. Wakili alikuwa mtu wa haraka, anakunja ukurasa na kunionyesha kwa kidole pa kuweka sahihi, na mimi naweka. Mpole alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, mkono begani kwangu. Tulipotoka akasema, "Nipe funguo, Shangazi, mafundi waanze kuhamisha vitu, usije ukabeba chochote." Nikampa fungu lote. Nikajisikia mwepesi, naapa. Nikasema haya, sasa nipeleke nikaone chumba changu.

Alisita kidogo sana. Kisha akatabasamu. "Twende."

Nyumba ilikuwa nzuri. Ya zamani, dari juu, sakafu nyekundu iliyong'arishwa kwa miaka mingi. Mkewe alitupokea bila kuniangalia usoni, akanipa kiti sebuleni. Nikasema sijaja kukaa, nimekuja kuona. Chumba changu kilikuwa nyuma kabisa, baada ya jiko, mwisho wa ukumbi mwembamba. Mpole akatangulia.

Na mimi kazi yangu ni macho. Nikiingia chumba cha mgonjwa naona kabla sijaambiwa. Katikati ya ukumbi ule nilisimama. Kuta zilikuwa nyeupe, lakini upande wa kushoto, chini kidogo ya kiuno changu, kulikuwa na mstari. Hafifu, wa manjano, unachungulia kwenye rangi kama doa la chai kwenye shuka lililofuliwa. Ulianzia mlango wa chumba changu, ukapita ukutani wote, ukaingia bafuni. Karibu na mlango wa bafu ulikuwa mpana zaidi, pale mtu anapopumzika kabla ya kuvuka kizingiti. Mkono ule ulikuwa umepita hapo miaka, siyo miezi.

Nikamgeukia mkewe, aliyekuwa nyuma yangu na taulo mkononi. "Hapa alikuwa anakaa nani?"

"Mwenye nyumba," akasema.

"Mwenye nyumba yupi? Si mmenunua?"

Ndipo akaniangalia usoni, mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Alionekana kushangaa kweli. "Yule bibi, Shangazi. Si ulimpokea wewe mwenyewe? Mimi siku zote nilijua wewe na mume wangu mmelipanga wote wawili."

Jikoni maji yalikuwa yanachemka. Mimi nilikuwa naona begi la bluu, naona kalamu yangu ikiandika jina langu, naona foleni. Wote wawili! Kwa hiyo miezi minane mwanamke huyu alikuwa ananikwepa macho kwa sababu aliniona mimi ndiye mwizi mkubwa. Na nani angesema sivyo, mtu akifungua daftari?

Mpole alikuwa ameshafungua mlango wa chumba. Hakubadilika sura hata kidogo. "Karibu, Shangazi. Tatizo moja tu," akasema kwa ile sauti yake ya vikombe. "Tumepaka jana, na wewe una kifua. Harufu itakudhuru. Nimefikiri upumzike kwanza pale wodini kwako, si wote wanakupenda? Siku mbili tatu tu, mpaka rangi ikauke."

Nilinyoosha mkono nikagusa ukuta wa chumba kile. Ulikuwa mkavu. Kidole kilirudi na vumbi.

"Nipe funguo zangu," nikasema.

"Shangazi."

"Nipe funguo zangu, mshenzi wewe! Nimekulisha, nimekuvisha, nipe funguo zangu!" Nilipiga kelele ambazo sijawahi kupiga maishani. Nilimrushia mkoba. Miwani ilinianguka, nikaikanyaga mwenyewe. Na yeye? Alimgeukia mkewe na kumwambia polepole, kwa masikitiko, "Unaona? Ndiyo hayo niliyokuwa nakuambia. Ameanza." Kisha akatoa simu mfukoni.

Sikungoja. Nilikimbilia nyumbani kwangu. Mlangoni kulikuwa na kufuli jipya, na dirishani pazia langu halikuwepo tena. Nikagonga mlango wa Mshonaji. Niligonga muda mrefu, nikiita, kabla sijakumbuka. Akatoka mpangaji mpya, mama mwenye mtoto mgongoni, akaniangalia kuanzia nywele hadi miguu, akafunga mlango. Nilikuwa nimebakiwa na kiatu kimoja. Kingine sijui kilianguka wapi.

Basi nikaenda mahali pekee nilipopajua. Nilifika wodini saa tisa alasiri, saa ya kubadilishana zamu, wauguzi wote wamesimama mezani kwenye daftari. Niliingia nikihema, nikasema yote kwa mpigo. Kwamba mtoto wa kaka yangu ameniibia nyumba. Kwamba Bibi Kona si mama wa rafiki wa mtu, ni mwenye nyumba, ana nyumba yake yenye sakafu nyekundu, na yeye ndiye aliyeibiwa kwanza. Kwamba ushahidi uko ukutani, mstari, mkono, kaangalieni mstari! Nikawa nawaonyesha ukuta wa wodi, nikiupapasa kwa kiganja.

Naibu aliacha kalamu. Alinijia taratibu, akanishika chini ya kiwiko. Hakunikamata.

"Pole, mama," akasema. "Pole sana. Sawa, tutakwenda kuangalia."

Si Sista. Mama.

"Usinifanyie hivyo," nikamwambia. "Hiyo nimekufundisha mimi!"

"Ndiyo, mama. Umenifundisha wewe. Kaa kwanza kidogo, tupime presha."

Presha ilikuwa juu mno, nilizisoma namba mwenyewe. Ningekuwa mimi ndiye wa zamu, mtu mwenye presha ile nisingemruhusu kutoka hata mlangoni. Mmoja aliniletea maji. Mwingine alikuwa ananivua kile kiatu kimoja. Wote walikuwa na ile sura ya upole, na nilijua wanafikiri nini, maana nimefikiri hivyohivyo juu ya wanawake mia mbili.

"Mwanao alishatupigia," Naibu akasema, akinifunika shuka miguuni. "Alilia, masikini. Alisema unaweza kuja hivi. Anasema siku mbili tatu tu, chumba chako kikae sawa. Usijali, nimekupa namba kumi na tano, karibu na dirisha, na nimeshakuandika." Akainama akanong'ona, kwa fahari ya mtu aliyetenda wema. "Pale kwa ndugu wa karibu simu yake ilikuwa inasumbua kupatikana. Nimejiandika mimi mwenyewe, mambo yaende haraka."

Nilifungua mdomo nimwambie. Maneno yalikuwepo yote, yamejipanga. Lakini mdomo ulikuwa mzito upande mmoja, na kilichotoka hata mimi sikukielewa. Naibu akanipapasa bega. "Sawa, mama," akasema. "Sawa."

Kwenye kitanda namba kumi na nne, Bibi Kona alikuwa ananiangalia. Hakuuliza kitu siku ile. Alinyoosha mkono wake wa kushoto, akalichukua begi la bluu kutoka kwenye kitanda cha kumi na tano, akaliweka miguuni pake, ili nami nipate nafasi.